Nilivyompandisha Bosi Kwenye Mizani ya Tende

Katika nyumba nzima ile ya Al-Hamra, Jeddah, ukimhesabu madam aliyesoma ng'ambo na watoto wanaoongea Kiingereza hata na paka, mtu pekee aliyewahi kulala juu ya barafu nilikuwa mimi, dereva, darasa la sita. Jambo hilo nililisema mara nyingi na sijutii. Nisingelisema mimi, nani angelisema?

Kabla ya Uarabuni nilikuwa mpagazi wa Mlima Kenya kwa miaka kumi na mmoja. Nilibeba mahema, majiko, mayai trei nzima bila hata moja kupasuka, na mara moja nilimbeba Mzungu mwenyewe, kichwa kikiwa kimemzunguka kwa sababu ya kimo cha mlima. Baadaye nikajifunza kuendesha gari kule Nanyuki, kwa kuangalia tu, na miaka ile mawakala walipokuwa wakizunguka kila kijiji wakitafuta madereva wa kwenda Saudia, mimi nikawa tayari nina leseni. Wenzangu walikuwa na vyeti. Mimi nilikuwa na mikono.

Bosi wangu alikuwa mfanyabiashara wa tende. Ghala lilikuwa Riyadh, familia Jeddah, na katikati kulikuwa na barabara ya saa tisa au kumi ambayo tuliila mara mbili kwa mwezi. Mtu ukikaa naye saa kumi ndani ya gari, mkila mbegu za alizeti kutoka pakiti moja, mnazoeana hata kama yeye ni kafili, mdhamini wa kibali chako, na wewe ni mtu wa kazi. Aliniita "ya Kini", yaani wewe Mkenya. Nami nilimwita baba, ingawa tulikuwa karibu rika moja.

Siku moja tukiwa tumeiacha Taif nyuma, akaniwekea simu mbele ya usukani. Video. Helikopta inashusha watu juu ya kilele cheupe, inaondoka, na wale watu wanafunga zile mbao mbili za kutelezea miguuni na kuteremka mlima kama maji yaliyomwagwa.

"Baba, toa simu, nitagonga ngamia."

"Umeona? Mimi nataka hivi. Nimechoka kuteleza pale Dubai ndani ya jumba, kama samaki kwenye friji. Nimeteleza Ulaya mara tatu. Sasa nataka mlima usio na mtu."

"Hakuna mlima usio na mtu, baba. Kuna mpagazi aliyefika kabla yako."

Akacheka. Kisha akasema lile neno lililonitia kwenye mambo haya: "Wewe si unasema unajua mlima? Basi utanichagulia kampuni. Ziko tatu."

Mwingine angesema hajui. Mimi nikasema, "Baba, mlima ni mimi."

Sasa niseme kwa nini jambo hili halikuwa mchezo kwangu. Kule kwetu nilikuwa nimemaliza kujenga nyumba ya mawe, ya kwanza upande wetu wa mto, madirisha ya vioo mbele na nyuma. Mama alikataa kuingia. Alisema mlango wa nyumba hufunguliwa na mwenyewe, akaendelea kulala katika kile kibanda cha mbao kinachopitisha baridi ya mlima kila upande. Nilikuwa sijaenda nyumbani miaka minne. Bosi aliniahidi likizo ya Pasaka, na ruhusa ya kutoka na kurudi ilikuwa ndani ya simu yake, kwa kidole chake na si cha mtu mwingine. Alisema ataibonyeza akirudi kutoka huko kwenye theluji, kwa sababu kabla ya hapo ananihitaji. Na mtaa wa pili alikuwepo mlinzi, Mkenya pia, ambaye kafili wake alifariki. Watoto wa marehemu waligombana kuhusu urithi, na yule mlinzi akakaa mwaka na zaidi, ikama, yaani kibali cha kuishi, imekwisha, hana wa kumbonyezea. Kwa hiyo bosi akifunikwa na theluji, na mimi nimefunikwa. Mama atabaki kwenye kibanda.

Madam naye alinisimamisha gereji, mikono kiunoni.

"Ni wewe unayemwambia mlima ni rahisi!"

"Madam, sijasema hivyo."

"Akirudi amevunjika hata ukucha mmoja, wewe halas, basi. Ndege ya kwanza."

Nikamwambia, "Madam, ndege naitaka, lakini nataka na ya kurudi." Hakucheka.

Kampuni ya kwanza ilikuwa na ofisi hapo hapo Jeddah, mtaa wa Al-Rawdah. Wakala alikuwa na ndevu zilizochongwa kama kwa rula, na kahawa yake ilikuwa nzuri, hilo siwezi kulikataa. Safari ilikuwa ya milima ya Kaukazi. Bosi akanisukuma mbele: "Huyu ndiye mtaalamu wangu. Muulize, ya Kini." Yule mtu akaniangalia viatu.

Nikamuuliza hali ya hewa ikiwa mbaya inakuwaje. "Mafi mushkila." Helikopta inabeba wangapi? "Wangapi mnataka? Mafi mushkila." Nikamuuliza swali ambalo mpagazi yeyote wa kwetu humuuliza kiongozi kabla hajainua mzigo: "Huko juu, ni nani husema turudi?"

Akatabasamu kwa bosi, si kwangu. "Mteja ni mfalme. Akitaka kwenda, tunakwenda."

Bosi alipenda sana jibu hilo. Alipenda pia hema la kahawa, udi, na mpishi wa wali wa kabsa juu ya theluji. Marafiki zake wawili walikuwa wamekwisha kujiandikisha. Lakini mimi sikumwamini. Katika nchi ile nimesikia "mafi mushkila" mara elfu, na najua maana yake si "hakuna shida". Maana yake ni kwamba shida ipo, lakini itakuwa yako. Fundi wa tairi aliniambia mafi mushkila, na kabla ya kufika Riyadh gurudumu letu likatupita, tukaliangalia likienda mbele peke yake. Na wakala wangu wa Nairobi, yeye alisema kwa Kiswahili: hakuna shida, utaendesha gari la kifahari. Mwaka wangu wa kwanza niliendesha tangi la maji ya ngamia.

Kampuni ya pili ilikuwa mbali kabisa, huko Kanada, na ilituma vitabu vya picha tu. Nikaiondoa. Mtu akikuonyesha picha nyingi hivyo, hana la kusema.

Ya tatu ilikuwa pia ya Kaukazi, lakini haina ofisi Jeddah. Ilileta barua pepe ndefu ya Kiingereza. Bosi alinipa ikiwa imechapishwa, akaenda kulala. Kiingereza changu ni cha kuongea. Karatasi hunitoroka. Basi nikaipeleka kwenye dirisha la jikoni, kwa mpishi wetu, mwanamke wa Mombasa aliyefika kidato cha nne na kunikumbusha kila siku.

"Lete, mbara wewe. Mtaalamu wa milima hajui kusoma?"

"Soma, dada. Macho yangu yamechoka na barabara."

"Yamechoka tangu darasa la sita." Akafuta mikono kwa aproni, akasoma kimyakimya, kisha uso ukambadilika. "Hawa watu wana gaidi mmoja kwa kila wageni wanne!"

"Gaidi?"

"Ndivyo imeandikwa. Na gaidi ana beleshi na kamba. Na neno la gaidi ndilo la mwisho."

Tuliangaliana. Kisha nikacheka hadi nikashika ukuta. Ile "guide" ya Kizungu, kiongozi wa njia, masikio ya Kiswahili yanaigeuza jambazi. Mlimani kwetu tulizoea kuwaita hivyo, tukasahau. Lakini nikamwambia arudie sehemu ya mwisho, pole pole. Neno la kiongozi ndilo la mwisho. Akisema turudi, mnarudi, hata kama mteja ni nani. Barua ilisema pia kwamba kuna siku helikopta haitaruka kabisa, na mgeni ajiandae kukaa.

"Hii kampuni inajisema vibaya," alisema mpishi.

"Ndiyo maana naipenda."

Tukaipigia tukiwa njiani kwenda Riyadh, sauti ikitoka kwenye spika za gari. Akapokea mwanamke. Badala ya kumsifu bosi, akaanza kumuuliza yeye. Umeteleza siku ngapi maishani? Umewahi kwenye theluji laini, ya kufika magotini? Nikaingilia na Kiingereza changu nikauliza kuhusu "ice", kwa sababu kwetu barafu ni barafu tu. Yule mama akanieleza bila kunidharau kwamba iliyoganda ni kitu kimoja, na inayoanguka ni kingine, na hiyo ya pili ndiyo inayoporomoka na kuzika watu. Kila mgeni huvaa kifaa kifuani kinacholia, ili akizikwa apatikane. Siku ya kwanza wote hufundishwa kukitumia. Asiyetaka kujifunza haruki.

Nikauliza swali langu. Nani husema turudi?

"Kiongozi. Au rubani. Mmoja wao akikataa inatosha. Bosi wako anaweza kulia akipenda."

Halafu akauliza, "Na uzito wako, bwana?"

Bosi akasema, "Tisini."

Nilikaribia kuacha lami. Mimi ni mtu aliyepima mizigo kwa mgongo miaka kumi na mmoja. Ukinipa begi nalijua kilo zake kabla hujaliachia. Na bosi akikaa kiti cha kulia, maana huko usukani uko kushoto, gari lile kubwa lilikuwa likiinama kama linataka kunong'ona na barabara. Tisini! Tisini ilikuwa zamani.

Simu ilipokatwa akawaka. "Ananiuliza uzito kama mbuzi wa Idi! Halas. Nakwenda na yule wa Al-Rawdah."

Nikaendesha hadi ghalani, Riyadh. Nilikuwa nikiwaza kibanda cha mama. Ukimpinga kafili siku ambayo likizo yako iko mfukoni mwake, hiyo si akili. Lakini ukimwacha apande na yule wa mafi mushkila, hiyo pia si akili. Nikachagua ujinga wangu.

Ghala lile lilikuwa na mizani ya sakafuni, sahani ya chuma unayosukumia pakiti za tende kwa mkokoteni, na namba nyekundu zinawaka ukutani. Nikasimama kando yake.

"Baba, panda."

"Nini?"

"Panda hapa. Kisha uchague kampuni unayotaka, sitasema neno."

Vijana wa kupakia wakageuka wote wakaanza kusoma maandishi ya maboksi. Bosi akanikazia macho. Nikaona kazi yangu ikitoka mlangoni na sanduku lake.

Ndipo nikamweleza jambo ambalo sikuwa nimemwambia kati ya majivuno yangu yote. Kwamba kwenye lango la Naro Moru mizigo hupimwa kwa mizani ya kuning'inia, na siku moja mteja mmoja alimvuta mkubwa wetu pembeni akampa chochote, begi lake halikupimwa. Akasema ni kilo kumi na nane. Mgongo wangu ulisema ishirini na saba, lakini nilitaka kazi. Kwenye kinamasi kilicho katikati ya njia, goti likageuka. Nilikaa kwenye matope yenye barafu tangu asubuhi hadi jua likapinda.

"Aliyedanganya alikuwa mbele akipiga picha, baba. Aliyeanguka ni mimi. Na huko unakokwenda, mpagazi wako ni helikopta. Nayo ikianguka, wewe umo ndani."

Bosi akaisogelea mizani. Akavua viatu. Akanipa simu, funguo, saa, kisha akavua hata kile kilemba na kamba yake nyeusi ya kukishikia, kana kwamba kilemba kina kilo. Akapanda.

Mia moja na kumi na tatu.

"Mizani mbovu," alisema.

"Ndiyo unayouzia tende, baba."

Kisha akaanza kucheka, kwanza puani, halafu tumbo lote, namba nyekundu zikiruka juu na chini ukutani pamoja naye, na vijana wa kupakia wakapata ruhusa ya kucheka pia. Akampigia yule mwanamke akiwa bado amesimama pale juu, miguu mitupu. Akamtajia namba. Yule mama akashukuru, akasema wengi hudanganya na rubani huona mwenyewe wanaposhindwa kupaa. Angempangia helikopta ya wageni watatu badala ya wanne. Na apande ngazi kila siku kabla ya kuja.

Basi nikawa kocha. Mwezi mzima, baada ya sala ya asubuhi, ngazi za ghala au za nyumba ya Al-Hamra, bosi mbele akihema, mimi nyuma na chupa ya maji nikimwambia pole pole, pole pole, kama nilivyowaambia Wazungu. Mpishi alimpunguzia wali, akanitazama dirishani kama mwizi. "Wewe umemnyima mtu samli yake. Mungu anakuona."

Akaenda. Marafiki zake wakaenda na yule wa Al-Rawdah, wiki hiyo hiyo, milima hiyo hiyo.

Siku ya pili simu ikalia. "Ya Kini! Hatujaruka. Upepo."

Siku ya tatu: "Ya Kini! Ukungu."

Siku ya nne alikuwa anapiga kelele. "Nakunywa chai! Kampuni yako ni kampuni ya chai! Wenzangu wanaruka kila siku, wananitumia video, wananiuliza kama nimefungua mkahawa!"

"Baba, chai ya huko ni nzuri?"

Akakata. Hapo nikaogopa upya. Kifo nilikuwa nimekizuia, lakini hasira je? Mtu mwenye hasira habonyezi kitu. Nikamwona mama amekaa nje ya mlango wangu uliofungwa, shali begani.

Siku ya tano simu yake haikupatikana. Madam alipiga tangu asubuhi, kisha akashuka gereji mwenyewe, bila mikono kiunoni safari hii, akauliza kwa sauti ndogo, "Huko juu simu hazishiki, si ndiyo?" Nikamwambia ndiyo, madam, hazishiki, hiyo ni dalili nzuri. Sikuwa najua chochote. Nikaosha gari lililokuwa safi, kisha nikaliosha tena. Mpishi aliniletea chai dirishani na hakunitania, na hilo lilinitisha kuliko yote.

Baada ya alasiri picha ikaingia. Uso wa bosi umejaa theluji kwenye ndevu, meno yote nje. Chini yake, neno moja: "Yalla!"

Aliruka siku mbili tu katika zile zote. Nilikwenda kumpokea uwanja wa ndege, akaja kwa miguu yake, na madam akamshika mikono akaangalia kucha, moja moja. Ndani ya gari alisema siku ya mwisho alitaka mteremko mmoja zaidi, mzuri kuliko yote. Kiongozi akachimba shimo kwenye theluji, akaitazama kama fundi anavyotazama ukuta, akasema hapana, turudi. Bosi akabisha kwa Kiarabu, kwa Kiingereza, akataja hata ujazo wa ghala lake. Yule mtu akaendelea kufunga begi.

"Ningelia kweli," alisema bosi. "Nikakukumbuka wewe na matope yako."

Sitawaambia kwamba wale marafiki waliumia. Walirudi wazima, walikuwa wameruka siku sita, na hadi leo wanamwita bosi mwenye mkahawa. Hiyo ni bahati yao, nami nawatakia nyingine. Bado nasema nilichagua vizuri, na sijapata wa kunishinda kwa hoja.

Ruhusa aliibonyeza pale pale kwenye maegesho, kabla sijawasha gari. Kidole kimoja. Nilikiangalia kikishuka.

Siku ya kuondoka akanipeleka uwanjani mwenyewe, yeye kwenye usukani, mimi kiti cha kulia kama waziri. Nikaweka begi langu kwenye mizani ya ndege. Nilikuwa nimemwambia ni kilo ishirini na tatu kamili, maana mimi sihitaji mizani. Namba ikasimama kwenye thelathini na moja. Ndani mlikuwa na mablanketi mawili mazito ya mama, sufuria tatu, na jaketi kubwa la theluji ambalo bosi alinipa, jekundu, nene kama godoro.

"Ya Kini," alisema, akiwa ameshika mbavu. "Si mgongo wako unajua kilo?"

"Baba, mafi mushkila."

Alicheka hadi askari akageuka. Blanketi moja nikalikunja begani. Sufuria mbili nikazishika mkononi. Jaketi nikalivaa, nikafunga zipu hadi kidevuni, jua la Jeddah likiwa linachoma vioo vyote vya uwanja, na jasho likinitiririka hadi kwenye soksi. Nikapita kwa maafisa wa pasipoti hivyo hivyo. Sikulivua ndani ya ndege. Sikulivua Nairobi. Nililivua kesho yake asubuhi, mlima ukiwa mweupe kwa juu, nilipokuwa nimefungua mlango wa ile nyumba ya mawe na mama akasita kizingitini akisema ndani kuna baridi ya saruji mpya. Nikamvika yeye. Likamfika magotini. Akaingia.